Paa na Upepo wa Pwani: Somo kwa Mwenye Nyumba

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imewatahadharisha wakazi wa Mtwara na Lindi, lakini kishindo chenyewe kikaangukia kusini ya mpaka. Lindi haikuwa na bahati hiyo mwezi Aprili 1952, kimbunga kilipoipiga. Kwa hiyo anayejenga Mikindani au Msimbati ajue kuwa upepo wa namna hiyo ni nadra, lakini si hadithi.

Wengi hudhani kuwa upepo hulisukuma paa. Hatari kubwa ni kwamba hulinyanyua. Unapopita juu, hulivuta bati kwenda juu, hasa kwenye kingo, pembe na kileleni. Na dirisha likifunguka, upepo ulioingia ndani hulisukuma kutoka chini. Uzito wa bati ni mdogo mno kuuzuia mvuto huo. Wala mawe yanayopangwa juu yake si kinga. Tufani ikija, hayo ndiyo yatakayomjeruhi jirani.

Kinachoshika paa ni viungo: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa ukuta. Kimoja kikiwa dhaifu, vingine havitafaa kitu. Kinachosahauliwa mara nyingi ni cha mwisho, kwa kuwa kenchi huachwa ikae ukutani kwa msumari mmoja au miwili. Mwambie fundi azike ncha za nondo nyembamba kwenye lenta wakati wa kumwaga zege, kisha azikunje juu ya kenchi. Kazi hiyo ni rahisi siku ile tu. Baadaye ni kubomoa. Kingoni na kileleni misumari ikaribiane kuliko katikati, nayo ipigwe kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni ambako maji hupita.

Dukani, usinunue rangi. Uliza geji, na ukumbuke kuwa namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 28. Hakikisha geji unayouziwa ndiyo iliyochapwa kwenye bati na ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti, kwani bila maandishi hayo malalamiko yako hayatakuwa na mguu wa kusimamia. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Bati zilizolala chini zikiwa na unyevu na kuota unga mweupe, zikatae.

Chumvi ya bahari haingoji kimbunga. Huanza na msumari, tena hula zaidi chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki kuisuuza. Basi kila mwaka kabla ya Novemba, mvua zikiwa bado, kagua paa ukianzia huko. Msumari ulioliwa na kutu au uliolegea ung'olewe. Mpya, uliopakwa zinki na wenye kizibo cha mpira, usipigwe katika tundu la zamani, kwa sababu mbao pale imekwisha kuchoka. Sogea kwenye wimbi la pili, papi ile ile, na tundu lililoachwa lizibwe siku hiyo hiyo.