Tumalizane Wenyewe: Mafunzo Saba Niliyopata Baada ya Kukatwa na Msumeno

Niliumia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwezi Machi 2019, katika kiwanda cha samani jijini Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Siku hiyo nilikuwa napasua mbao za msonobari, zile zinazoshushwa na malori kutoka Mafinga zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikishapasuliwa hujikunja na kuubana msumeno. Ilibana, ikarudi kwa nguvu, mkono wangu wa kushoto ukavutwa. Kidole cha shahada na cha kati viliondoka palepale.

Nilichojifunza hasa kilianza baada ya hapo, katika miezi kumi na moja ya kwenda ofisi moja na kurudi nyingine. Naandika kwa kuwa bado nakutana na mafundi wanaonionyesha makovu yao na kusema, "Bosi alinipa kitu kidogo, tukamalizana." Inaniuma kila nikisikia hivyo.

1. Bahasha ya wodini si fidia

Siku ya tatu mwajiri alikuja kunijulia hali pamoja na meneja. Walileta matunda, soda, bahasha yenye shilingi 400,000 na karatasi moja. Karatasi ilisema nimelipwa na sina madai yoyote. "Tumalizane wenyewe," aliniambia kwa upole. "Mambo ya serikali yana mizunguko mingi."

Kaka yangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Akaniambia nisaini. Simlaumu hata kidogo. Marehemu baba yetu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga, na mashine ya kusaga mkonge, ile waliyoiita korona, ilimharibu mkono. Alichopewa kilinunua bati chache. Sheria ya wakati ule ilikuwa ya mkoloni, ya mwaka 1949, na viwango vyake viliachwa hadi thamani ya shilingi ikavila: fidia ya juu kabisa ya ulemavu ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ile, laki nne mkononi zilikuwa nyingi.

Aliyenizuia ni mama mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kingine. Alisubiri wageni wangu watoke, akasogea, akaniambia: "Mwanangu, usisaini kitu chochote ukiwa umelala kitandani." Kisha akanieleza nilichokuwa sijawahi kukisikia kwa miaka mitatu niliyofanya kazi. Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko uliotokana na sheria hiyo, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Mfuko hulipia matibabu. Hulipa asilimia 70 ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi kwa muda, kwa miezi isiyozidi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari hupima kiasi chake kwa asilimia: usipozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Akifariki, mjane na watoto hulipwa, na mazishi yana fedha yake. Anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku naye ana fungu lake.

Kesho yake nilirudisha bahasha. Nilimwambia meneja, "Asanteni kwa kunijali, ila hii karatasi nitaisoma nikishapona." Usiku ule mke wangu alilia, kwa sababu unga ulikuwa umeisha nyumbani na kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Siwezi kusema ulikuwa uamuzi mwepesi. Anayekwambia kudai haki ni jambo jepesi hajawahi kulala njaa akidai.

2. Usijihukumu kabla ya sheria

Kwa majuma kadhaa nilikuwa nasema moyoni kwamba ni uzembe wangu. Msumeno ule ulikuwa na kinga ya chuma iliyofunika meno. Tuliivua sisi wenyewe mafundi, kwa sababu ilituchelewesha kupasua mbao nene na oda zilikuwa nyingi. Meneja alipita kila siku akaona, akanyamaza. Nilipoumia ndipo kila mtu akakumbuka kwamba kinga ilitakiwa kuwepo.

Ofisa wa Mfuko aliyepokea shauri langu hakuanza na nani mkosaji. Alitaka kujua kama nimeajiriwa na kama nimeumia nikiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Basi. Mfumo huu wa fidia haumtaki mfanyakazi athibitishe kosa la mwajiri. Kinachoweza kumfungia mtu mlango ni utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo sheria inamlinda aliyepata ulemavu mkubwa na familia ya aliyefariki. Kusahau, kuchoka au kuharakishwa si utovu wa makusudi. Nawafahamu watu wawili waliokaa kimya kwa aibu, kila mmoja akidhani ajali yake ni mzigo wake mwenyewe. Hawakudai chochote.

3. Jua tarehe zako

Mwajiri akishajua kuna ajali, ana siku saba za kuupa Mfuko taarifa. Wewe au ndugu zako mna miezi 12 ya kuwasilisha madai. Yule mama katibu alimtuma kaka yangu kiwandani kumkumbusha meneja hizo siku saba. Taarifa ilipelekwa siku ya sita.

Kama huwezi kwenda, mtume mtu. Mwambie mwajiri kwa mdomo mbele ya shahidi, kisha kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na usiufute. Weka karatasi zote za hospitali kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Mimi niliweka hadi risiti za bandeji.

4. Mshahara wa mkononi haukutetei

Hili ndilo lililonigharimu kuliko yote, nami nalisema kila ninapopata nafasi.

Kwa mwezi nilikuwa napokea shilingi 380,000. Lakini hati yangu ya malipo iliandikwa 150,000. Zilizobaki nilipewa taslimu kila Jumamosi, bila kusaini popote. Tulifurahia utaratibu huo! Tuliona makato yanakuwa madogo, na mwajiri naye aliona michango yake inapungua. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku mtu akianguka.

Nilipoumia, karatasi pekee iliyoonyesha kipato changu ilisema 150,000. Asilimia 70 yake ni 105,000. Kama ingeandikwa ile 380,000 ningepata 266,000 kwa mwezi. Kila mwezi niliokaa nyumbani mkono ukiwa umefungwa nilipoteza shilingi 161,000. Malipo ya mkupuo ya ulemavu, kwa kuwa wangu haukufika asilimia 30, nayo yalipigiwa hesabu kutoka kwenye ile 150,000. Nilijaribu kuwaleta mafundi wenzangu washuhudie. Mmoja aliogopa kazi yake, wa pili alisema hakumbuki. Nawaelewa.

Fundi mwenzangu, mwambie mwajiri aandike chote anachokulipa. Akikataa, andika mwenyewe kwenye daftari, tarehe na kiasi, na umwombe akulipe kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Na wewe saidia fundi usiye na mkataba, usidhani uko nje ya sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kwa kutazama jinsi anavyofanya kazi: nani anampangia saa, nani anampa vifaa, anamtegemea nani kwa kipato. Kukosa karatasi kunakupa kazi ya kujieleza, lakini hakukufuti.

5. Kuachishwa kazi huweza kuja bila barua

Nilirudi kiwandani mwezi wa sita, daktari akiwa ameandika nipewe kazi nyepesi. Meneja aliniambia, "Pumzika kwanza, tutakuita." Nikaenda nyumbani kusubiri simu. Baada ya wiki tatu nikapiga mwenyewe, nikajibiwa kwamba kazi za mkono mmoja hawana.

Mikono ninayo yote miwili. Isitoshe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda kile kilikuwa na watu zaidi ya arobaini. Kuhakiki ubora, kupokea mbao, kuandika stoo, vyote ningeviweza.

Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ina siku 60. Nilifika siku ya 27, tena kwa sababu kijana wa duka la kutoa kopi aliniuliza fomu ninayonakili ni ya nini, akanielekeza huko. Kupeleka shauri hakulipiwi. Msuluhishi alituketisha meza moja, mimi na meneja, na kwa mara ya kwanza tangu niumie mtu alimwuliza meneja maswali akalazimika kujibu. Tulikubaliana nilipwe notisi, likizo niliyokuwa sijachukua, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi, na mishahara ya miezi kadhaa. Kama shauri lingefika kwenye uamuzi, huenda ningepata zaidi. Lakini mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango, nikakubali.

6. Usingoje kuumia ndipo uchungulie michango yako

Baada ya kupoteza kazi nilikwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikiwa na matumaini. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Mimi nilikatwa kila mwezi kwa miaka mitatu. Dada wa dirishani alitazama kompyuta yake, akanigeuzia kioo nijionee. Michango iliyofika ilikuwa ya miezi 14.

Mchango wa kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake hutoka kwenye jasho la mfanyakazi. Kumkata mtu fedha hiyo kisha usiipeleke ni kumwibia, sina neno jingine. Leo taarifa hizo zinapatikana kwa simu. Zitazame kila baada ya miezi mitatu, na ukiona pengo uliza ukiwa bado kazini.

Na kuna sikio langu la kulia, ambalo halisikii vizuri. Naamini ni kelele za mashine ya randa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, apimwe tena mara kwa mara akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Mimi sikupimwa hata mara moja. Mfuko wa Fidia hulipa pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini nitaonyesha nini? Sina karatasi ya kusema niliingia kiwandani nikisikia vizuri.

7. Kijiti cha mbao kingetosha

Mwaka 2021 nilipata mkopo usio na riba kutoka halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo mafungu mawili kati ya kumi ni ya watu wenye ulemavu. Niliunganisha na fidia yangu, nikafungua karakana ndogo. Msumeno wangu una kinga na haivuliwi. Nyuma ya meno kuna kile kipande cha chuma kinachozuia mbao isijifunge na kubana. Kando ya meza kumetundikwa kijiti cha kusukumia mbao, ili vidole visikaribie meno. Nilikichonga kwa kipande kilichokuwa kinakwenda kuwa kuni, kwa dakika kumi. Wakati ule kile kiwanda kizima hakikuwa na kijiti kama hicho, nami niliyekuwa fundi wa miaka mitatu sikuwahi kufikiria kukichonga, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha. Mbao mbichi hatupasui. Mteja asiyeweza kungoja zikauke, namwelekeza kwingine.

Mafundi wangu wote watatu walipimwa kabla ya kuanza kazi, na mishahara yao imeandikwa yote, bila ya Jumamosi ya pembeni. Kwa pamoja ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Nilipoumia, mwajiri wa sekta binafsi alichangia Mfuko wa Fidia asilimia moja ya mishahara anayolipa. Tangu 2022 ni nusu asilimia, kwa Tanzania Bara yote. Mimi nalipa shilingi 4,500 kwa mwezi kwa wote watatu, na hakuna hata senti moja inayokatwa kwenye mishahara yao.