Tumbaku ikipinda juu, usikimbilie urea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Urambo alinirushia picha WhatsApp. Tumbaku ya mvuke, majani ya chini kijani kibichi kabisa, ila ya juu yamepinda, yamepauka kwenye kitako cha jani, ukiyagusa yanavunjika. Swali lake: "Bwana shamba, niongeze urea mifuko mingapi?"

Nikamjibu, hata kiganja kimoja usiongeze.

Jamani, naitrojeni ikipungua mmea huinyonya kutoka majani ya zamani kupeleka machanga, kwa hiyo unjano huanzia chini. Boroni haihami kirahisi namna hiyo. Ikipungua, kinachoumia ni kichwa. Na udongo wetu wa kichanga hauishiki. Mvua kubwa zinaishusha chini ya mizizi.

Nikamuuliza kakuzia na nini. CAN ilikuwa imeadimika, akaweka urea, mfuko kwa mfuko. Hapo ndipo penye hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13.5 za naitrojeni, wa urea una kilo 23. Karibu mara mbili bila kujua! Jani likatanuka haraka, boroni ileile kidogo ikagawanywa kwenye jani kubwa zaidi.

Kuna la pili, hili la polepole. Urea na SA zikigeuzwa na bakteria kuwa naitreti huacha uchachu kwenye udongo, SA zaidi. CAN ina chokaa ndani yake, ndiyo maana inachachua kidogo. Misimu ikipita pH inashuka, na manganizi, zinki na chuma vinayeyuka kwa wingi. Utasema si ndiyo vizuri? Manganizi ikizidi ni sumu, inaleta vidoa vyeusi kwenye majani. Molibdenamu nayo inafungwa, na bila hiyo mmea unashindwa kuitumia naitreti uliyoinunua kwa mkopo.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza kazini nilimwambia mzee mmoja aongeze mbolea kwa dalili kama hizi. Tumbaku ikagoma kuiva, ikatoka bani na ukijani, ikapata daraja la chini. Deni la pembejeo lilibaki palepale. Alinisamehe, lakini bado nikipita kwake natazama chini.

Ukishavuna, chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya, peleka maabara. Tumbaku inapenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Ikiwa chini ya hapo, weka chokaa ya kilimo miezi kadhaa kabla ya kupanda, kwa kipimo watakachokupa. Usimwage tu, maana chokaa ikizidi nayo inafunga boroni, zinki na manganizi. Boroni ya kupulizia pia isiwe ya kukadiria kwa macho. Kati ya inayotosha na inayounguza pana nafasi ndogo sana.

Ukinitumia picha, piga jani la chini na la juu, uandike mbolea gani, mifuko mingapi, tarehe gani.