Mtu wa Kazi katika Picha

Wasomaji wengi, wasikiapo habari za picha mashuhuri za Ulaya, huwaza wafalme wenye taji na majemadari juu ya farasi. Wana sababu. Mwaka 1667 Mfaransa André Félibien alizipanga picha kwa daraja: matunda na maua aliyaweka chini, mwili wa binadamu akaupandisha, na juu ya vyote akaweka visa vikubwa vya historia na hadithi za kale. Mwanamke apikaye hakupewa kiti cha mbele katika baraza hiyo.

Lakini karibu miaka hamsini kabla yake, mwaka 1618, kijana Mhispania Diego Velázquez, asiyetimiza bado miaka ishirini, alikuwa amekwisha kumchora bibi kizee akikaanga mayai. Picha hiyo imo Edinburgh, nchini Skotlandi. Tuitazame kwa makini, maana mtu wa Dunda haitamwia ngeni. Chungu kimetelekwa juu ya jiko la mkaa. Ndani ya mafuta mayai mawili yanaanza kuganda, ute ukigeuka mweupe. Karibu pana kinu cha shaba na mchi wake, kitunguu, na kisu kilicholazwa juu ya bakuli, kivuli chake kikipinda kwa kufuata mviringo wa chombo. Bibi ameshika kijiko cha mti kwa mkono mmoja na yai kwa mkono wa pili; karibu naye mvulana amebeba tikiti lililofungwa kamba. Hawatazamani. Hapana kisa chochote. Ila mkono ule wajua yai ni kitu gani: haulikazi, wala hauliachii.

Jambo hilo ni gumu, maana kila kazi hubadili mahali uzito wa mwili unapokaa. Wachongaji wa Uyunani waliyatambua hayo katika karne ya tano kabla ya Kristo: mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huohuo hushuka. Asiyejua hayo huchora nguo zilizotundikwa. Hapa pwani twaona picha nyingi za kuuzia wageni: mwanamke mwenye chungu kichwani, shingo ya twiga, kiuno kama uzi. Kwa rangi ni nzuri. Lakini chungu kile, nadhani, hakina maji. Ndoo ya lita ishirini ina maji ya kilo ishirini. Aibebaye hukaza shingo na kuzipima hatua zake. Picha imwondoleayo mtu taabu yake na kumbakizia urembo tu, yamdhulumu.

Katika nchi yetu aliyeishika mapema kazi ya kuchora maisha ya watu ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ntiro hakushughulika sana na nyuso wala misuli. Watu wake ni wadogo, tena wengi, wakifanya kazi pamoja. Yuko atakayesema ni uchoraji wa kitoto. Mimi sikubali. Uzito alioujua Ntiro ni ule unaogawanywa, ambao mtu mmoja hauwezi.

Vijana wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kiitwacho leo TaSUBa, wana mifano yote miwili karibu na mlango wao. Wavuvi wakivuta ngalawa mchangani, hiyo ni kazi ya Ntiro. Mwanamke akaangaye samaki peke yake, macho yakiwa kwenye mafuta, huyo ni wa Velázquez. Anayetaka kujaribu achukue penseli, aombe ruhusa kwanza, kisha aanze na nyayo zinavyozama mchangani. Uso aufikie mwisho.