Mwaka wa Kwanza Nyumbani, na Asali ya Sagalla

Darasa yetu ya leo ni juu ya nyumba changa: kijana na mkewe na mtoto wao wa kwanza, tangu siku ya kuzaliwa hata kutimiza mwaka. Mfano tumeuchukua Sagalla, kwenye mlima ule ulio kusini ya mji wa Voi, kiasi cha maili 100 kutoka Mombasa. Wengi wetu hupita chini yake tukienda Nairobi wala hatuinui macho. Tumepachagua huko kwa kuwa mkulima hana pazia: mwaka wa shamba na mwaka wa mtoto huenda sambamba mbele ya macho, na mtu huona wazi ni kipi kilichomfaa mtoto na ni kipi kilichowafurahisha wageni tu.

Natuseme mtoto amezaliwa mwezi wa Septemba, mvua za vuli hazijanyesha. Siku ya saba ni siku ya jina, kunyoa nywele na aqiqa. Aqiqa ni suna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo hana lawama, wala haikuamriwa mtu kukopa. Lakini twaona kijana akiingia deni la mbuzi, mchele na turubai, kisha wiki ya tatu hana nauli ya kumpeleka mkewe zahanati. Je, hii ndiyo shukrani ya neema? Mbuzi aweza kungoja mpaka baba apate nafasi. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya kupooza hutolewa mtoto anapozaliwa, na zinazofuata zina wakati wake, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nazo hazingoji mtu kulipa deni la karamu.

Jambo jingine la siku hizo ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kenya yataka uzazi uandikishwe kabla ya miezi sita kwisha. Ukipita muda huo, hesabu yake ni ya kuchelewa, na njia yake ni ndefu zaidi. Aliyezaliwa hospitali huandikiwa huko huko; aliyezaliwa nyumbani, baba na aende kwa naibu wa chifu. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa taabu ya mtu wa miaka 18 anayetafuta kitambulisho bila karatasi ya kuonyesha alikozaliwa.

Arubaini ikitimia, mvua zimekaribia, na mama wa Sagalla huanza kutazamwa kwa jembe. Hapa ndipo nyumba nyingi hupotea. Mtoto wa siku 40 ndiyo kwanza aanze kutabasamu, na chakula chake ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, bila uji wala maji, hata jua likiwa kali kama la Voi. Mama anayenyonyesha usiku kucha, kisha akashinda kwenye kunde na pojo, na jioni akafuata maji mbali, maziwa yake yatatoka wapi? Bibi Aisha, Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Basi mwanamume anayeona aibu kubeba dumu la maji mbele ya wenzake, na atuambie aibu hiyo ameirithi kwa nani.

Mwezi wa Januari mahindi hukomaa, na hapo huja ndovu. Sagalla imepakana na nchi ya Tsavo, mbuga iliyowekwa mwaka 1948, na ndovu hajui mpaka wa shamba. Kwa usiku mmoja kundi dogo laweza kumaliza chakula cha nyumba nzima. Kwa hivyo wanaume hukesha wakipiga madebe na kuwasha mioto, na mama hubaki peke yake na mtoto katika giza. Tangu mwaka 2009 baadhi ya wakulima wa Sagalla ya chini wameijaribu dawa nyingine: mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, baina ya mmoja na mwenziwe kiasi cha mita 10, yote imefungwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, kwani nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024, uliofanywa katika vijiji vya huko kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao mazuri, kadiri ya robo tatu au zaidi ya ndovu waliokaribia walirudishwa. Ukame ukija nyuki huhama, na ua hubaki mizinga mitupu; si dawa kamili. Lakini nyumba iliyopata usingizi wa usiku, baba ana nguvu za kubeba maji asubuhi.

Na nyuki wameleta asali ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga, nasi hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Desturi ya kumlambisha mtoto asali ni ya zamani, kwetu na kwa wengine. Mabibi hutoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja asali kuwa ina ponyo kwa watu. Haya ni kweli, nasi twayaamini. Lakini nyama ya aqiqa nayo ni halali na ni njema kwa watu, wala hatujamwona mtu akimlisha mwenye aqiqa siku ya saba. Kizuri kina wakati wake na mtu wake. Madaktari wamethibitisha kwamba asali yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka halijapata nguvu hiyo, basi mbegu humea ndani yake na kutoa sumu ya kulegeza mishipa. Mtoto hufunga choo, kilio chake hudhoofika, shingo hulegea, hushindwa kunyonya, na mwisho hushindwa kuvuta pumzi. Anayeziona dalili hizi asingoje kuche, na apelekwe hospitali. Wala kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Na waliopokea suna ya kumpaka mtoto utamu kinywani walitaja tende, si asali.

Hoja ya pili husema: "Mwanangu, sisi sote tulilambishwa, mbona tu wazima?" Twawajibu kwa heshima: bibi, waliolambishwa wakafa hawapo barazani kutoa ushahidi wao.

Miezi sita ikipita, huanza uji na vyakula laini, na mtoto huketi. Mwezi wa tisa huchanjwa surua, naye wakati huo hutambaa, hana habari ya mafiga wala ndoo ya maji. Huyu hulindwa kwa macho, si kwa hirizi. Usiku alale ndani ya chandarua. Na jirani akisema wa kwake alitembea kwa miezi kumi, mama asihuzunike: wengi hutembea karibu na mwaka, na wako wazima wanaochelewa hata mwaka na nusu.

Septemba ikirudi, mwaka umetimia. Wako siku hizi wanaokopa tena kwa ajili ya keki. Hayo tumekwisha kuyasema kwa mbuzi. Siku hiyo mama wa Sagalla aweza kufungua chupa iliyongoja juu ya kabati na kumtia mwanawe asali kidogo katika uji. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, na maziwa yamebakiwa na mwaka mmoja kwa wanaotaka kuitimiza miaka miwili. Na wakitaka kumwachisha kabla yake, iwe ni kwa kuridhiana na kushauriana baba na mama, wote wawili.