Mazungumzo Magumu Kazini: Je, Msimamizi Aweza Kufunzwa?

Mfanyakazi mmoja wa karakana amechelewa zamu ya asubuhi mara nne katika muda wa wiki mbili. Msimamizi wake hana budi kumwita na kulisema jambo hilo. Ni kazi ya dakika kumi, wala haihitaji chombo chochote. Hata hivyo wasimamizi wengi wangependelea kufungua mtambo mzima na kuufunga tena kuliko kuifanya. Aghalabu msimamizi hunyamaza mpaka hasira imjae, kisha humfokea mtu mbele ya wenzake. Au humwandikia barua ya onyo pasipo kumwuliza sababu.

Watu husema kwamba uwezo wa kuzungumza katika hali kama hiyo ni wa kuzaliwa nao: huyu kajaliwa ulimi wa asali, yule ulimi wa upanga, na basi. Yawezekana kuna ukweli ndani yake. Lakini katika sayansi, usemi wa namna hiyo ni dai, na dai hupimwa. Hili limepimwa, na jinsi lilivyopimwa ni somo zuri kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kujua jaribio la haki hufanywaje pale ambapo kinachochunguzwa si kemikali wala mmea, bali mwenendo wa binadamu.

Lawama na matokeo yake

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Herbert Meyer, Emanuel Kay na John French, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika kampuni ya General Electric. Waliwachunguza wafanyakazi 92 walioitwa na wakubwa wao ili waelezwe jinsi kazi yao ilivyokuwa. Nia ya mazungumzo hayo ilikuwa njema: mtu aambiwe makosa yake ili ayarekebishe. Ikaonekana kwamba kadiri mtu alivyotajiwa makosa mengi, ndivyo alivyozidi kujitetea. Na yale mambo aliyolaumiwa zaidi ndiyo yaliyopata nafuu ndogo zaidi wiki kadhaa baadaye. Sifa nazo, ambazo wakubwa walizichanganya na lawama kama sukari katika dawa chungu, hazikuonekana kuleta tofauti kubwa upande wowote.

Asifikiri msomaji kwamba makosa yasisemwe. Mashine inayokata vidole haisubiri adabu. Lililodhihirika ni kwamba kutaja kosa na kulirekebisha ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba mkubwa mwenye nia njema tu, asiyekuwa na ustadi, aweza kuliharibu jambo alilotaka kulitengeneza. Swali basi likawa: ustadi huo wapatikana wapi?

Jaribio la mwaka 1979

Mwanagenzi wa fundi seremala hafundishwi kwa kusomewa maelezo ya randa. Humtazama fundi, hujaribu, hukosea, husahihishwa, hujaribu tena. Albert Bandura, mtaalamu wa saikolojia, aliieleza kanuni hii kwa upana katika nadharia yake ya kujifunza katika jamii, aliyoitoa kitabuni mwaka 1977: mengi ayafanyayo binadamu huyapata kwa kuwatazama wengine na kuyaona matokeo ya matendo yao. Gary Latham na Lise Saari wakaichukua nadharia hiyo na kuipeleka kazini.

Walichagua wasimamizi 40 wa ngazi ya kwanza, yaani wale wanaokutana na wafanyakazi uso kwa uso kila siku. Kwa bahati nasibu, 20 walitiwa katika kundi la majaribio, na 20 katika kundi la ulinganisho ambalo lingefunzwa baadaye. Bahati nasibu hapa ina kazi kubwa. Kama wangeliwaita wanaopenda kujifunza, huenda hao ndio waliokuwa wasemaji wazuri tangu hapo, na tusingejua kama sifa ni za mafunzo au ni zao wenyewe.

Mafunzo yalikuwa ya saa mbili kila wiki kwa wiki tisa, na kila wiki ilikuwa na shida yake: kumsahihisha mwenye mazoea mabaya ya kazi, kuzungumza juu ya hatua ya nidhamu, kumsikiliza mwenye malalamiko, kuwashawishi wanaopinga mabadiliko, na kadhalika. Kwanza walionyeshwa filamu ya msimamizi akilifanya jambo hilo vizuri, pamoja na hatua zake. Kwa mfano, kwa mwenye malalamiko, hatua zilikuwa hizi: usijibu kwa ukali wala kwa kujitetea, mwombe aeleze, nawe usikilize, yarudie maneno yake mpaka uhakikishe umeyaelewa, kubali kwamba huo ndio mtazamo wake, ikibidi, eleza msimamo wako kwa utulivu, kisha wekeni siku ya kukutana tena. Baada ya filamu, mmoja alishika nafasi ya msimamizi na mwingine ya mfanyakazi, wakaigiza tukio ambalo kweli lilikuwa limewapata kazini, si hadithi ya kubuni. Wenzao wakawaeleza walipofaulu na walipokwama. Wiki iliyofuata walirudi na kusimulia jinsi walivyotumia somo.

Katika kupima, watafiti hawakutosheka na kuwauliza wanafunzi wao kama mafunzo yamewapendeza. Yaliwapendeza, lakini hata ngoma hupendeza. Miezi kadhaa baadaye waliwapa mtihani, wakayanasa mazungumzo yao ya majaribio kwenye tepu na kuyapitisha kwa wasahihishaji, kisha wakatazama jinsi wakubwa wao walivyoikadiria kazi yao mwaka mmoja baada ya mafunzo. Waliofunzwa waliwashinda wenzao katika vipimo hivyo vyote. Hatimaye kundi la ulinganisho nalo likafunzwa, na tofauti ikatoweka.

Kuna jambo moja katika jaribio hili ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko mengine. Baadhi ya wale ambao hawajafunzwa walipewa zile hatua zimeandikwa, kisha wakaambiwa wazungumze. Hawakufikia kiwango cha waliofunzwa. Maneno yaleyale walikuwa nayo mkononi, lakini hawakuweza kuyatumia.

Jambo hilo linanikumbusha historia ya Tanzania. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Kati ya mwaka huo na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa ni jeuri ya mameneja na lugha yao. Migogoro hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja, wala siyo kazi ya makala hii kuizipima. Hata hivyo yafaa kuuliza: meneja aliyekatazwa kufoka, alionyeshwa wapi namna ya kusema bila kufoka?

Mkubwa wa msimamizi

Mafunzo peke yake hayatoshi. Mwaka 1953 Edwin Fleishman alieleza uchunguzi wake juu ya wasimamizi wa kampuni ya International Harvester waliopelekwa Chicago kusomea mahusiano mema kazini. Siku ya kumaliza, fikra zao zilikuwa zimebadilika kama ilivyotarajiwa. Waliporudi viwandani, mabadiliko hayo hayakudumu. Kilichoonekana kuwa na nguvu zaidi ni tabia ya mkubwa wa kila mmoja: aliyekuwa chini ya mtu anayewajali watu, naye aliwajali, aliyekuwa chini ya mkali, akawa mkali. Latham na Saari waliliangalia jambo hilo: wakubwa wa wasimamizi wao nao walifundishwa kuwasifu kila walipowaona wakifanya vema.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kulirudia jaribio hili kwa kiasi kidogo. Shida iwe hii: kiranja azungumze na mwanafunzi aliyekwepa zamu ya usafi mara tatu. Ligaweni darasa mara mbili kwa vikaratasi vilivyokunjwa. Kundi la kwanza lipewe zile hatua zimeandikwa tu. La pili lipewe hatua hizohizo, liwatazame walimu wawili wakizifanya, kisha kila mmoja ajaribu mara tatu na kusahihishwa. Baada ya wiki moja wote wazungumze mbele ya waamuzi wa darasa jingine, wasiojua nani alikuwa kundi gani. Waamuzi wahesabu mambo yanayoonekana: je, kiranja aliuliza sababu kabla ya kutoa hukumu? Aliyarudia maneno ya mwenzake? Waliweka siku ya kuonana tena? Darasa moja ni dogo, na tofauti ndogo yaweza kuwa ya bahati tu. Kwa hiyo zoezi lirudiwe kwa mkondo mwingine kabla ya kuandika matokeo ubaoni.