SOMO: PICHA YA SHAMBA NI SHAHIDI WA KIKUNDI



Siku hizi karibu kila kikundi kina mwanachama mwenye simu ya kupiga picha. Kazi ikifanyika, picha inapigwa. Lakini nyingi tunazoletewa za kutia kwenye ripoti zinaonyesha anga kubwa, kichaka mbele, na watu wadogo kama siafu. Matuta mliyochimba kwa jasho hayaonekani. Mtu akiuliza, "Kwani mmefanya nini?", picha inanyamaza.

Hebu tuone mfano wa Machakos. Mwaka wa 1937 R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya huko, vikiwa vimechimbika makorongo na udongo umekwenda na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi kwenye vilima hivyo wakapiga picha tena. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini picha mpya zilionyesha matuta na miti. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika habari hiyo katika kitabu cha mwaka wa 1994. Wengi walidhani watu wakizidi lazima ardhi iharibike. Picha mbili za kilima kimoja ziliwafanya wafikiri upya.

Basi nasi tujifunze kupiga picha inayoweza kusimama kama shahidi.

1. Amua picha inasema nini.
Picha moja, neno moja. Kama ni matuta, yawe matuta. Kama ni korongo lililozibwa kwa mawe, piga korongo. Ukitaka kuonyesha matuta, lambo, kitalu na wanachama wote pamoja, hakuna kitakachoonekana vizuri.

2. Chagua saa.
Saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vinapotea, na mteremko unaonekana kama uwanja wa mpira. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Simama jua likiwa ubavuni mwako. Hapo kila tuta linatupa kivuli, na mtu anaweza kuyahesabu.

3. Panga picha.
Simu nyingi zina mistari ya kusaidia: miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Iwashe kwenye mipangilio ya kamera. Mahali anga inapokutana na ardhi pakae kwenye mstari wa juu, ili ardhi ipate sehemu mbili kati ya tatu. Kitu muhimu kiweke pale mistari inapokatana, si lazima katikati. Halafu mwombe mwanachama mmoja asimame na jembe kando ya tuta. Bila mtu hapo, nani atajua kina cha mtaro? Ukipanda kidogo kwenye mteremko wa ng'ambo, utaona shamba lote vizuri zaidi.

4. Ondoa ukungu.
Kwanza pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole ndiyo adui mkubwa. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, au egemea mti. Gusa skrini pale penye tuta, simu ilenge hapo. Ukigusa anga, ardhi itatiwa giza. Usivute picha kwa vidole ili kuleta kitu karibu, kwa sababu inaharibika. Tumia miguu, sogea. Piga tatu au nne, kisha uchague.

5. Sahihisha bila kudanganya.
Weka picha ya kwanza kama ilivyo, ufanyie kazi nakala. Ruhusa iko kunyoosha picha iliyoinama, kukata kidole kilichoingia pembeni, na kuongeza mwanga kidogo palipo giza. Lakini kugeuza nyasi kavu ziwe kijani, la! Siku mgeni atakapokuja kutembelea shamba, hataamini tena hata picha zenu za kweli.

6. Rudi palepale.
Pigilia kigingi au weka jiwe lenye rangi pale mliposimama. Andika kwenye daftari la kikundi: tarehe, saa, na upande mlioelekea, kwa mfano "kuelekea mwembe mkubwa". Mwaka unaofuata rudini mwezi uleule, saa ileile. Mkipiga ya "kabla" mwezi wa Septemba wakati wa kiangazi, na ya "baada" mwezi wa Aprili mvua ikinyesha, mtakuwa mmesifu mvua, si kazi ya kikundi. Na kama picha ya pili itaonyesha tuta limebomoka, msiifute. Hiyo ndiyo inayowaambia pa kuanza kazi.

Maswali ya kujadili kikundini
- Tukitazama picha tulizo nazo, mgeni angejua kazi yetu ni ipi?
- Nani atatunza picha na daftari, na simu ikipotea tutafanyaje?
- Tumeomba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuonyesha picha zake?

Kazi ya kufanya
Kabla ya mkutano ujao, chagueni mahali pawili, mweke alama, mpige picha ya kwanza asubuhi. Leteni picha hizo pamoja na daftari, tuzitazame wote.