Dondoo muhimu: Ugonjwa wa akili na msaada wa serikali

Mkazi wa Magamba, Mpanda, anayeishi na skizofrenia au sonona kali ana haki ya kuhesabiwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 haiishii kwenye viungo vya mwili. Inataja pia sababu za akili.

Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Ndugu wamwombe daktari aandike barua ya jinsi unavyomzuia mgonjwa: hawezi kulima msimu mzima, husahau dawa, huhitaji mtu wa kumwangalia. Barua hiyo ifike kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Mpanda. Nakala ibaki nyumbani.

Kwa upande wa ruzuku, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutazama umaskini wa kaya, si ugonjwa. Majina ya kaya hujadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, na hapo ndipo baadhi ya familia hunyamaza kwa aibu. Inaumiza, maana kaya isiyotajwa ni rahisi kurukwa.

Aliyepata nafuu ya kutosha kufanya biashara aulizie mkopo usio na riba: asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa watu wenye ulemavu. Aliyewahi kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF aulizie pia pensheni ya ulemavu.